Kitambaa Ambacho Hakikufuliwa

Wasikilizaji wapendwa, sogezeni viti karibu na redio. Leo sauti yangu ni ndogo kuliko siku zote, na habari niliyo nayo ni ya msiba.

Kitu cha kwanza nilichokiona kwake kilikuwa mikono. Alikuwa ameshika kitambaa cha mtoto kilichotapikiwa, na alikishika kwa ncha za vidole vya mikono yote miwili, kama mtu aliyepokea barua kutoka mbali. Hakukunja pua. Alikitoa kwenye toroli letu la nguo chafu, kule chini kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, akatembea nacho hadi kwenye kidirisha chembamba kilicho juu ya mabomba, akakiinua kwenye mwanga wa theluji. Kisha akanigeukia mimi, wakati huo mfuaji mgeni wa wiki mbili, akaniuliza, "Binti, hii ni rangi gani?"

Mimi nikatazama viatu vyangu.

Akangoja. Mashine zilikuwa zinanguruma. Mwishowe dada Marivic, mwenzangu wa mashine ya pili, akapaza sauti. "Ni maziwa yaliyoganda tu hayo, Daktari. Meupe. Mwache mtoto wa watu, ana haya huyo."

"Sijamuuliza kama ana haya," yule mama akasema. "Nimemuuliza rangi."

Huyo ndiye Daktari Olena Prystupa. Daktari Olena Prystupa alifariki Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwa mdogo wake, akiwa na miaka sabini na minne. Alikuwa mpasuaji wa watoto kwa miaka thelathini na moja. Alifundisha wanafunzi wa udaktari kwa muda mrefu zaidi ya huo, hadi wiki tatu kabla ya kufa kwake. Tulimzika Ijumaa. Wengi wenu mnaonisikiliza hapa mjini mna mtoto, au mnamjua mtoto, aliyepita mikononi mwake.

Wasikilizaji wapendwa, Olena alizaliwa mwaka 1951 kwenye shamba la ngano, mwendo wa saa mbili kwa gari kaskazini mwa mji huu, katika nyumba ambayo babu yake aliijenga alipofika kutoka Ukraine. Walizaliwa wawili tu, Olena na Sonia. Juzi nilikwenda kwa Bi Sonia kutoa pole. Alinikalisha jikoni, akaniwekea supu ya bitiruti bila kuniuliza kama nina njaa, ndipo akaanza kusema.

"Kila vuli tulichinja kuku arobaini kwa siku moja, wa kula wakati wa baridi," Bi Sonia aliniambia. "Mama anachinja, mimi nanyonyoa, Olena anatoa matumbo. Mimi nageuka pembeni nisitapike. Yeye anauvuta utumbo polepole, anaunyoosha mezani, anaupima kwa rula ya shule. Mama anamwambia, wewe mtoto, hawa kuku tutawala Krismasi hii au ijayo?"

Alicheka kidogo, kisha akajifuta macho kwa pindo la aproni.

"Macho yake hayakuwa na aibu, mwanangu. Sisi wote tulikuwa na macho yenye aibu. Yeye hakuwa nayo. Ila mara moja tu."

Hiyo mara moja ndiyo ninayotaka kuwasimulia.

Mwaka 1976 Olena alikuwa na miaka ishirini na mitano. Alikuwa mwanafunzi wa mwaka wa mwisho wa udaktari, naye alipelekwa kujifunza katika hospitali ndogo ya mji mmoja wa mashambani. Jina la mji sitalitaja. Ilikuwa hospitali ya vitanda kumi na viwili na daktari mmoja mzee aliyekuwa akizalisha, akiunga mifupa na kung'oa meno.

Alasiri moja ya mwezi wa Machi, theluji inayeyuka na barabara zote ni matope, aliingia mama kijana na mtoto wa siku tisa. Mama huyo aliitwa Verna Toews. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Mtoto aliitwa Leland, na alikuwa mtoto wake wa kwanza.

Verna alikuwa amevaa koti la kwendea kanisani. Alikuwa amesafisha matope kwenye viatu vyake kabla ya kuvuka mlango. Mtoto alikuwa amefungwa shali nyeupe iliyopigwa pasi, na chini ya shali fulana iliyopigwa pasi, na chini ya fulana nepi ya kitambaa, nayo imepigwa pasi. Kwa watu wa kwao mambo yalikuwa hivyo. Mama mkwe wake alikuwa amemwambia asubuhi ile, kwa daktari hatuendi wachafu, watatuona hatujui kulea. Kwa hiyo kabla ya kumpeleka mtoto mgonjwa hospitali, Verna alisimama saa nzima akifua vitambaa ambavyo mtoto alivitapikia.

Olena akamuuliza, "Mtoto ana nini, mama?"

"Anatapika. Tangu asubuhi."

"Anatapika maziwa?"

"Yanatoka tu."

"Yana rangi gani?"

Verna akatazama sakafu. "Ya kawaida."

Olena akamvua mtoto nguo, akampapasa. Tumbo lilikuwa laini kama unga. Homa hakuna. Mtoto alikuwa amelala, amechoka, midomo imekauka kidogo. Verna akainama kutoa kitambaa kingine kisafi kwenye mfuko wa nguo za mtoto. Alipokivuta, kikatoka pamoja na ncha ya kitambaa kingine, kilichokunjwakunjwa chini kabisa ya mfuko, kimelowa. Mtoto alikuwa ametapika tena njiani, na njiani hakuna pa kufulia. Verna akakisukuma ndani haraka. Uso wake ukawa mwekundu hadi masikioni.

Olena aliona. Nawaomba mlishike hilo. Olena aliiona ile ncha ya kitambaa, na akageuza macho. Hakugeuza kwa uvivu wala kwa haraka. Aligeuza kwa adabu. Alimwonea huruma yule msichana aliyekuwa karibu rika lake, akajisemea moyoni, maskini, asiaibike zaidi. Kisha akachukua kalamu. Kwenye karatasi palikuwa na mahali pa kujaza rangi ya matapishi, na vitabu vyote alivyosoma vilisema nyongo ni njano. Akaandika njano.

Daktari mzee alisoma karatasi. Njano, tumbo laini, homa hakuna. Akamwambia Verna amnyonyeshe kidogo kidogo na ampigepige mgongoni acheue. Akawarudisha nyumbani.

Asubuhi iliyofuata Verna alirudi. Safari hii mtoto hakuwa amefungwa shali iliyopigwa pasi. Alikuwa wa kijivu, na tumbo lake limevimba. Walimkimbiza mjini kwa gari la wagonjwa. Mpasuaji alipofungua, utumbo ulikuwa mweusi kuanzia mwanzo hadi karibu na mwisho. Akafunga. Leland Toews alikufa kabla ya saa sita mchana. Alikuwa na siku kumi.

Wasikilizaji wapendwa, nitawaeleza kama yeye alivyokuwa akieleza, kwa maneno ya mtu asiyesoma sana. Kuna watoto wanaozaliwa utumbo wao haukushikizwa vizuri ndani ya tumbo. Siku moja utumbo huo unajisokota, kama kamba ya bembea, na damu inakatika. Mwanzoni tumbo ni laini. Mwanzoni mtoto anaonekana mzima. Alama ya mapema ni moja, nayo ni matapishi ya kijani. Nyongo iliyokaa kwenye kitabu ni ya njano. Nyongo inayotoka kwa mtoto aliyezibwa utumbo ni kijani, kama majani yaliyosagwa. Ukiiona hiyo, una saa chache. Ukifika ndani ya hizo saa, mpasuaji anaushika utumbo, anauzungusha kinyume, na unarudi kuwa na rangi ya uhai. Ukichelewa, hakuna cha kuzungusha.

Olena hakuacha udaktari. Bi Sonia anasema alikaa mwezi mzima shambani akifunga waya za uzio na baba yao, hasemi na mtu. Kisha akarudi chuoni, akasema anataka kuwa mpasuaji wa watoto. Wakati huo wanawake wapasuaji walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Mwalimu mmoja alimwambia mikono yake ni mikubwa mno kwa watoto. Akamjibu, "Mikono itajifunza. Tatizo langu ni macho."

Yule mwalimu hakuelewa.

Sasa niwaambie jinsi alivyofundisha. Kila mwaka walikuja wanafunzi wapya, makoti meupe yametoka dukani, kila mmoja anaota kisu. Siku ya kwanza anawakusanya, anawateremsha ngazi hadi kwetu chini, kwenye mvuke na sabuni. "Karibuni chumba changu cha upasuaji," anawaambia. Wanatazamana. Anampa kila mmoja kipande cha kitambaa cheupe na boksi la kalamu za rangi za watoto. "Nichoreeni nyongo ya mtoto mchanga."

Kila mwaka, wasikilizaji, walichukua njano. Wote. Vijana waliofaulu mitihani yote ya nchi hii. Yeye anapita nyuma yao kimya. Kisha anatoa kwenye mfuko wa plastiki kitambaa cha kweli, anakilaza katikati yao. Hapo makoti meupe yanainama kuitazama ile kijani.

Wanafunzi walimwita Mama Madoa, wakidhani hajui. Siku moja alimkuta mmoja anamchora ubaoni, na pua ndefu na kitambaa mkononi. Kijana akataka kufuta. "Acha," Daktari akasema. "Pua yangu ni kubwa zaidi ya hiyo, hilo nakusamehe. Lakini kitambaa umekiacha cheupe. Kipake rangi."

Nilisikia mengi nikiwa nakunja mashuka. Aliwaambia wapashe mikono joto kwenye kwapa kabla ya kumgusa mtoto. Wakae chini kwanza, mtoto awakague wao kabla wao hawajamkagua yeye. Mtoto anayesema tumbo linauma, wamwambie aruke kwa mguu mmoja, na watazame uso wake, wasitazame mguu. "Nepi mmefungua?" aliuliza kila siku. "Kama hujafungua nepi hujamwona mtoto. Umeona nguo." Kuna ngiri zinazokaba humo ndani huku daktari anasikiliza kifua.

Alipenda kukumbusha pia kwamba damu yote ya mtoto mchanga inaenea kwenye kikombe cha chai. Basi wewe ukimwaga kijiko useme ni kidogo, ni kidogo kwako.

Na mlangoni pa kliniki yake kulikuwa na kibao. Kilisema: Usifue. Lete kama kilivyo. Kiliandikwa kwa lugha tisa. Maneno ya Kiswahili niliyaandika mimi. Aliniletea kalamu nene chumba cha kufulia, nikamwambia niliishia darasa la nne, mwandiko wangu mbaya. Akasema, "Mama aliyebeba mtoto mgonjwa hasomi mwandiko. Andika makubwa."

Mwanafunzi wake mmoja anaitwa Mervin Cardinal, Mkrii, mmoja wa wenyeji wa asili wa nchi hii, kutoka kaskazini, kule ambako barabara hakuna, ni ndege tu. Sasa yeye ni daktari huko huko kwao. Alikuja mazikoni, akanisimulia.

"Ilikuwa mwaka 2014. Mama mmoja anapiga simu zahanati, mtoto wake wa siku sita anatapika. Namuuliza rangi, ananiambia ah, kawaida tu, binamu, usijisumbue. Namuuliza nguo ziko wapi. Anasema ameziloweka. Nikamwambia zitoe kwenye maji. Akasema we Mervin, umekuwa daktari ili uje kunusa ndoo yangu? Nikavaa buti, nikaenda kunusa ndoo yake. Kwenye mikunjo ya kitambaa bado ilikuwepo. Kijani. Nikaita ndege."

Daktari Olena ndiye aliyempasua yule mtoto, saa nne baadaye, na utumbo ukarudi kuwa mwekundu mbele ya macho yake. "Sasa ana miaka kumi na mmoja," Mervin aliniambia. "Anacheza hoki. Anacheza vibaya sana, lakini anacheza."

Katika mafundisho yake yote Daktari alisimulia habari ya mtoto Leland. Bila jina. Alisema, kulikuwa na mwanafunzi mmoja aliyeandika njano bila kuona. Hakusema mwanafunzi huyo ni nani. Hakusema lolote juu ya ncha ya kitambaa. Miaka thelathini na zaidi, mwanafunzi mmoja, mwanafunzi mmoja.

Kisha, wasikilizaji wapendwa, macho yakaanza kumwacha.

Ilikuwa mwaka 2017. Alikuwa katikati ya upasuaji, akamuuliza muuguzi, "Mbona utumbo huu una njano?" Muuguzi akasema, "Ni mwekundu mzuri tu, Daktari." Akaviweka vyombo chini, akamwita mwenzake amalizie, akavua glavu. Hakupasua tena. Ugonjwa ulikuwa umeingia nyuma ya macho, unakula rangi kwanza.

Bi Sonia anakumbuka siku ile. "Alikuja hapa, akamwaga penseli za wajukuu wangu mezani, akaanza kuzipanga kwa rangi. Alizipanga ovyo. Mimi nikanyamaza, nikajitia naosha vyombo. Akaniambia, Sonia, usininyamazie. Niambie. Basi nikamwambia, hii siyo, na hii siyo, na hii siyo. Hadi zikaisha."

Ndiyo maana aliniuliza mimi rangi. Na ndiyo maana aliwauliza wengine wote. Hakuwa akitupima. Alikuwa haoni.

Na macho yalipomwacha, ndipo alipokwenda kwa Verna.

Ilikuwa Septemba 2019. Miaka arobaini na mitatu ilikuwa imepita. Bi Sonia aliendesha gari, Olena kakaa pembeni ameshika mkoba magotini. Shamba lilikuwa lile lile. Verna alikuwa nje anaanika nguo. Alikuwa na miaka sitini na miwili, nywele nyeupe, mikono imevimba viungo. Aliwaona wakishuka, na hakuacha kuanika.

"Ni Olena Prystupa," Olena akasema. "Nilikuwa mwanafunzi pale hospitali, mwaka ule wa Leland."

"Nakujua," Verna akasema. "Umezeeka."

"Nimekuja kukuambia jambo."

"Sema. Nguo zinakauka hata ukisema."

Bi Sonia alikuwa amesimama karibu na gari, alisikia kila neno. Olena akasema, "Niliandika njano. Sikuwa nimeona. Ulikuwa na kitambaa chini ya mfuko. Niliona ncha yake nikageuza macho, nisikuaibishe. Ningekuomba unipe, mtoto wako angekuwa na miaka arobaini na mitatu."

Verna akabana nguo ya mwisho. Akachukua muda kuibana.

"Nilijua umeona," akasema.

Upepo ulikuwa unapiga yale mashuka.

"Nilijua umeona, nikashukuru. Nilisema moyoni, dada huyu mwema, hakuniumbua. Nilishukuru njia nzima hadi nyumbani. Unajua hilo? Nilikuombea." Akanyoosha pindo la shuka. "Mama mkwe wangu alisema niliufulia uhai wa mtoto kwenye beseni. Hakujua hicho kingine. Hicho tulikijua wewe na mimi."

Olena akasema anaomba radhi.

"Ulikuwa na miaka mingapi?"

"Ishirini na mitano."

"Mimi kumi na tisa." Verna akachukua kapu lake. "Sina cha kukupa. Sitakuambia nimekusamehe, maana sijui. Lakini nasikia unafundisha watoto wa chuo. Unawaambia habari zetu?"

"Nawaambia kuna mwanafunzi aliandika njano."

"Basi hiyo nusu. Waambie na mama alificha. Waambie kwa nini alificha. Usiniache nje ya mtoto wangu mwenyewe."

Hakuwakaribisha ndani. Aliingia, akafunga mlango wa wavu, na wao wakarudi. Bi Sonia anasema Olena hakulia njiani. Alisema mara moja tu, walipofika daraja la reli, "Alishukuru, Sonia. Aliniombea."

Tangu hapo masimulizi yake kule chini yalibadilika. Nilikuwepo, nakunja mashuka, nilisikia. Alisimama mbele ya wanafunzi akasema, "Mwanafunzi yule ni mimi. Na mama yule aliitwa Verna, naye ameniruhusu kumtaja. Alificha kwa sababu alidhani tutamwona mchafu. Nami nikageuza macho kwa sababu nilidhani huo ndio wema. Mtakutana na akina Verna kila wiki. Wengine ni matajiri. Wengine hawajui lugha yenu. Wote wamefua. Msiwagombeze. Kaeni chini, mwambieni mama, nipe hicho kichafu, hapa ndipo mahali pake. Kisha tazameni. Mpaka umeona, usiandike. Andika sijaona."

Kijana mmoja akauliza, "Na kama mama akiona aibu, Daktari?"

"Ataona aibu. Na wewe utaona. Kaeni nayo hiyo aibu wote wawili, dakika mbili. Mtoto hana zaidi ya hizo."

Mwaka huu, wakati wa kiangazi, ini lake likashikwa. Uvimbe ulikuwa kwenye kongosho. Alikataa kulazwa. Wiki tatu kabla ya kufa, wanafunzi sita walikuja kwa Bi Sonia, na Mervin aliruka kutoka kaskazini. Walikaa kuzunguka kitanda kwenye chumba cha mbele. Kwa wakati huo alikuwa anaona vivuli tu.

"Mervin," akasema. "Nina rangi gani?"

Chumba kizima kikatazama zulia. Mervin alisogea, akamshika kidevu, akamgeuzia dirishani, akatazama ngozi, akatazama weupe wa macho.

"Njano, Daktari."

"Njano ya namna gani?"

"Nzito. Imeingia hadi kwenye macho."

"Vizuri," Daktari Olena akasema. "Umetazama."

Hilo ndilo lilikuwa somo lake la mwisho. Bi Sonia anasema baada ya hapo aliomba viazi vya kuponda, akala vijiko viwili.

Kanisani Ijumaa nilikaa nyuma, kama kawaida yangu. Kwenye benchi la mwisho kabisa, karibu na mlango, alikaa mama mmoja mwenye nywele nyeupe. Hakuvua koti. Hakuimba. Walipolibeba jeneza kupita, alisimama, akalitazama lilipoanzia hadi lilipotokea mlangoni, hakugeuza macho. Alikwenda zake kabla ya chakula. Bi Sonia aliniambia baadaye huyo ni nani, lakini nilikwisha kumjua.

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya kipindi hiki natoa pole kwa Bi Sonia, kwa wajukuu zake waliompoteza bibi wa pili, kwa wanafunzi wote wa Daktari Olena Prystupa waliotawanyika hadi kaskazini, na kwa Verna Toews, ambaye msiba wake una miaka karibu hamsini na hakuna aliyempa pole redioni. Pole, mama.

Wenye watoto wachanga, nawaomba mkumbuke neno moja tu la leo. Mtoto akitapika kijani, usifue. Kibebe hicho kitambaa, mbebe mtoto, nenda. Usingoje kuwa msafi. Na wewe kijana unayesomea udaktari, kama kuna anayekutafsiria maneno yangu, mama akitazama sakafu, usitazame naye sakafu.

Nimebakiza jambo dogo.

Mara ya mwisho aliposhuka kule chini, mwezi wa Mei, alinikuta nimeshika kitambaa cha mtoto nimegeuza uso. Macho yake hayakuwa yakiona rangi, lakini hilo aliliona. Akaniambia, "Miaka sita, binti. Kila kikija cha mtoto, wewe unageuka. Kwa nini?" Nikamwambia ni harufu. Alinitazama kwa muda mrefu. Akasema, "Sawa. Ukiwa tayari." Sikuwa tayari, na sasa amekufa.

Mama yangu, najua umefungulia redio hapo jikoni, kama kila Jumapili. Nitasema hapa kwa sababu nyumbani nimeshindwa. Wakati ule kambini, tukiwa wakimbizi, mimi nina miaka minane na marehemu mdogo wangu Amisi ana siku kumi na moja, ulinipa kitambaa chake nikupe kingine. Nilikimbilia bombani nikakifua, nikakisugua kwa mchanga, ili wale wauguzi wasikuseme. Tulipofika zahanati, muuguzi akauliza, alitapika rangi gani? Wewe hukuwa umeona, kulikuwa na giza ndani ya hema. Ukanigeukia mimi. Nikatazama miguu yangu. Ukamwambia muuguzi, maziwa tu.

Kilikuwa kijani, mama. Niliona.